Mlango Mdogo wa Kisimani

Alfajiri ya tarehe kumi na tano Desemba, Addy Poot alifungua koki mpya ya jikoni ajaze birika, na maji yakatoka ya vuguvugu.

Aliurudisha mkono, akaufuta kwenye gauni, akaupeleka tena. Yalikuwa vilevile. Nje upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma tangu juzi. Mji mzima wa Espita ulikuwa umevaa masweta yenye harufu ya kabati, na tangi la maji juu ya paa lilikuwa limelala kwenye baridi usiku kucha. Ingekuwa mchana asingeshangaa, kwa kuwa mchana jua hulichoma lile tangi mpaka maji yanatoka kama supu. Lakini saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba isiyo na hita, maji yale hayakuwa na pa kupatia joto.

"Will," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo ushike haya maji."

Mumewe, Wilberth Canché, alitoka chumba cha mbele amejifunga blanketi kama mgonjwa. Aliweka kidole chini ya koki, akapiga miayo.

"Wenzako wanaamka kuchemsha. Wewe yamekuja yamechemka, unalalamika."

"Hayajachemka. Yana joto tu. Wanalitoa wapi hilo joto?"

"Wanalitoa kina nani?"

Addy hakujua kwa nini alisema hivyo. "Yanalitoa wapi, nimesema."

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Mimi fundi pikipiki. Ramani ya mabomba si ulichora mwenyewe?" Alimgusa tumbo, lililokuwa na mimba ya miezi saba, akarudi kulala.

Addy alisubiri mpaka kamba za bembea aliyolalia mumewe ziliponyamaza. Kisha akatoa kipimajoto kwenye kikopo cha dawa, akakishika chini ya maji. Kililia mara tatu. Digrii thelathini na tisa nukta nne.

Alipima tena. Akayaacha maji yamwagike dakika tano kwa saa ya ukutani, akapima mara ya tatu. Namba haikupanda wala haikushuka.

Namba hiyo aliijua. Alikuwa na daftari moja lenye jalada gumu. Ukilifungua kwa nyuma, lilijaa vipimo vya nyumba: upana wa kuta, mteremko wa bomba la maji machafu, idadi ya vigae. Ukilifungua kwa mbele, lilikuwa na kurasa mbili za wino wa bluu zenye saa na joto la mwili, saa na joto la mwili, na mstari wa mwisho ulisomeka: saa tisa alasiri, 39.4. Baada ya mstari huo walimpakia binti yao Suemy kwenye gari la jirani kumkimbiza hospitali mjini Valladolid, na hapakuwa na haja ya kuandika tena. Alikuwa na miaka sita. Ilikuwa homa ya dengue. Miaka miwili na miezi miwili ilikuwa imepita.

Addy alifunga koki. Aliikaza mpaka kiganja kikauma.

*

Nyumba ilikuwa ya bibi yake, ya mawe na chokaa, yenye kuta nene kuliko urefu wa mkono. Addy, Wilberth na binti yao waliishi humo miaka sita katika vyumba viwili visivyovuja. Suemy alipofariki waliifunga kwa kufuli, wakahamia kwa Mama Nelly, mama yake Wilberth, mitaa mitatu kutoka hapo. Kisha Addy akapata ujauzito, na siku moja mezani akasema mtoto huyu hatazaliwa kwenye chumba cha kuazima.

Walianza Julai, wao wawili, jioni na siku za mapumziko. Waling'oa vigae vya zamani vya maua, kimoja kimoja, vigae mia nne na kumi na viwili, na Addy akaandika namba kwa chaki mgongoni mwa kila kimoja ili kirudi mahali pake. Walishindilia kokoto na chokaa, wakavirudisha kwa kamba na pimamaji. Wilberth alitoa mabomba ya chuma yaliyooza, akasema ni kama kung'oa meno ya maiti. Waliweka mabomba mapya ya plastiki, yale ya kijani yanayounganishwa kwa moto.

Tatizo lilikuwa chumba cha nyuma. Ukuta wake ulikuwa na mlango mdogo wa kutokea uani, kisimani, na ramani ya Addy ilitaka bomba lishuke papo hapo kutoka kwenye tangi. Mlango huo ndio aliokuwa akitumia Suemy. Bembea yake ya kulalia, ya nyuzi za rangi ya machungwa, ilitundikwa kwenye kulabu mbili za chuma kando yake, na kila asubuhi aliteremka pekupeku kwenda kuwasalimia bata waliokuwa kisimani, mmoja baada ya mwingine, kwa majina. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na alama za penseli. Ya juu kabisa ilikuwa sentimita mia moja na kumi na mbili.

Addy aliuziba mlango huo Oktoba thelathini na moja.

Hakuna mtu wa Espita asiyejua kwamba siku hiyo watu hawafanyi kazi. Ndiyo siku watoto waliokufa hurudi kuwatazama wa kwao. Hashoni mtu nguo, sindano isije ikamchoma mtoto anayepita. Hapigi mtu msumari. Na hazibi mtu tundu lolote, hata la panya. Asubuhi Mama Nelly alipita, vidoleni ana unga wa mahindi, akamkuta mkwewe amepiga magoti mbele ya mlango, mwiko mkononi.

"Weka hicho kitu chini, mwanangu. Meza ya mtoto iko tayari. Nimempikia chokoleti yake."

"Chokaa nimeshaikoroga, mama. Ikikauka ndiyo basi."

"Chokaa inakungoja wewe, au wewe unaingoja chokaa? Leo siku ya watoto."

"Najua ni siku gani."

"Mwaka jana hukuja. Ulisema kichwa kinakuuma. Mtoto alikuja akakuta bibi peke yake na baba yake analia kwenye sahani. Mwaka huu una nini?"

Addy alitazama mwiko. "Sawa. Naacha. Nanawa nakuja."

Mama Nelly alipokata kona, Addy aliendelea. Wilberth alikuwa kwa mama yake, hapakuwa na wa kumzuia. Asingeweza kukaa mbele ya kikombe cha chokoleti kinachopoa bila mtu wa kukinywa. Angeweza kubeba mawe. Alibeba mawe. Jiwe la mwisho lilikaa saa sita na dakika kumi mchana, na alipolibana kwa kiganja alihisi hewa ya chumba ikimsukuma mgongoni, kidogo tu, kama mtu aliyekuja mbio akasimama ghafla nyuma yake. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Akaandika saa na tarehe kwenye daftari, akaukinga ukuta kwa magunia mabichi ili chokaa isipasuke, na magunia hayo yakakaa wiki mbili. Wilberth alipouliza, Addy alimwambia aliuziba katikati ya Novemba, siku za marehemu zilipokwisha. Mwanzoni mwa Desemba wakahamia.

*

Siku mbili baada ya maji kuwa na joto, kulabu zilianza kulia.

Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo Espita hufunga madirisha na kulala. Addy alikuwa jikoni anamenya viazi. Akasikia kutoka chumba cha nyuma sauti ambayo kila mtu aliyezaliwa katika mji ule anaijua kabla ya kujua kusema: kamba ikisuguana na chuma. Ngii. Kimya. Ngaa. Kimya. Ni sauti ya mtu aliyelala, anayejisukuma kwa kidole gumba cha mguu ukutani.

Chumba cha nyuma hakikuwa na bembea.

Alikwenda akasimama mlangoni. Kulabu zilikuwa tupu. Ngii. Ngaa. Chini ya kila moja, juu ya vigae alivyovifagia asubuhi, kulikuwa na kirundo kidogo cha vumbi la chokaa. Na kulikuwa na harufu ya spiriti, ile iliyolowekwa majani machungu, ambayo watu huwapaka watoto wenye homa kwenye nyayo na kwapani.

Ndipo alipogundua kwamba mtoto tumboni ametulia. Mwanzoni hakuogopa, watoto hulala. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akahesabu kwa saa. Dakika arobaini na tano kulabu zililia, na dakika arobaini na tano mtoto hakusogea. Sauti ilipokoma, alirusha teke moja kubwa.

Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu Wilberth alirudi mapema kutoka gereji, na Addy akamkuta amesimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi.

"Unasikia?" alinong'ona Wilberth.

"Upepo."

"Addy. Mimi nimezaliwa kwenye bembea. Hiyo ni bembea." Alikuwa amekwisha kuingia chumbani, mashavu yake yalikuwa yamepauka. "Na ule ukuta unavuja. Njoo uone."

Katika lipu mpya, palipokuwa mlango, palikuwa na madoa mawili ya unyevu, kando kwa kando. Addy alipasua juu yake kuangalia viungio vya bomba, vilikuwa vikavu. Alipima kimo cha madoa. Yalikuwa pale ambapo mtoto wa sentimita mia moja na kumi na mbili angeweka viganja vyake akitaka kusukuma.

"Nyumba ina jini," Wilberth alisema. "Limetoka kisimani. Tulichimba sakafu bila kuomba ruhusa. Mama alisema tangu Julai, tukamcheka."

Addy alikuwa ameweka mkono juu ya doa moja, na doa lilikuwa la moto.

*

Mzee Teódulo Cocom alikuwa fundi mwashi kabla hajawa mganga, na watu walisema nusu ya kuta za mji alizijenga na nusu nyingine aliziombea. Alikuja na mfuko wa majani na nyundo. Kabla ya lolote alikagua mabomba.

"Nani aliunganisha haya?"

"Mimi," Addy alisema.

"Yamenyooka. Mumeo angeyapinda kama ekzosi." Wilberth alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Mzee alizunguka vyumba akigonga kuta kwa mpini wa nyundo, sikio karibu, mpaka akafika kwenye lipu mpya. Hapo hakugonga. Aliinusa.

"Mlango huu mliuziba lini?"

"Katikati ya Novemba," Addy alisema. "Baada ya siku za marehemu."

"Una hakika, mwalimu?"

"Niliandika."

Mzee alimtazama usoni, kisha akamtazama tumbo, kisha akakubali. Kama ni hivyo, alisema, ni wenye ardhi, wale wasioonekana, wamekasirika, na wao si wagumu kuridhika. Aliwapangia uani vibuyu kumi na tatu vya uji mwepesi wa mahindi na asali, akawaombea kwa lugha ya wazee mpaka jua likazama, akaondoka na kuku mmoja.

Addy hakusema uongo kwa aibu peke yake. Aliponusa ile spiriti kwa mara ya pili alikuwa amekwisha kujua ni nani aliye chumbani, na alijua pia kwamba mganga akiambiwa jini atatoa sadaka aende zake, lakini akiambiwa mtoto, atamtoa mtoto. Miaka miwili alikuwa amelala na masikio wazi akingoja sauti yoyote. Sasa sauti ilikuwepo, kila adhuhuri, umbali wa hatua kumi na nne kutoka jikoni. Alifikiri: nina mikono miwili. Mmoja huyu, mmoja yule.

Kwa siku mbili nyumba ilinyamaza, na Wilberth akaanza kupiga mluzi. Siku ya tatu, Ijumaa, alipokwenda gereji, Addy alitoa ile bembea ndogo ya machungwa kwenye sanduku, akaitundika kwenye kulabu, akaanza kuibembeza.

Kubembeza bembea tupu ni kitu ambacho hata walevi wa Espita hawakifanyi. Yeye alikifanya polepole, kwa ncha za vidole, akimsimulia Suemy habari za bata waliobaki na za mdogo wake anayekuja, na mwanzoni nyuzi zilikuwa nyepesi kama nywele, kisha akahisi mkononi kwamba zinavuta, na alipotazama aliona tumbo la bembea limeshuka, limejaa, limechora umbo la kitu kilichojikunja kwa ubavu na magoti kifuani kama alivyokuwa akilala yeye, na joto likapanda kutoka humo kama kutoka kwenye jiko lililofunikwa, na jikoni koki aliyoikaza kwa mkono wake ikafunguka, na ya bafuni ikafunguka, na ndani ya bomba la kijani, ukutani, kikaanza kitu ambacho si maji wala hewa, pumzi fupi fupi za haraka, zile za saa tisa alasiri, na Addy akaendelea kubembeza, akasema nipo, mama yupo, akaendelea kubembeza ingawa mgongo ulikuwa unamtetemeka kwa baridi katikati ya lile joto, na hakuacha mpaka mkono wa mtu ulipoishika kamba.

Bembea ilisimama. Ilikuwa tupu. Madirisha yalionyesha kwamba jua limekwisha kuinama.

"Addy," Wilberth alisema. "Unambembeleza nani?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie wewe."

Addy alichukua daftari kwenye mfuko wa gauni, akalifungua kwa nyuma, akamwonyesha mstari. Oktoba 31, saa sita na dakika kumi mchana. Wilberth alisoma, midomo ikisogea kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akaketi chini, juu ya vigae.

"Mimi nilikuwa kwa mama," alisema. "Nimekaa mezani namngoja. Nikasema mbona mwaka huu sihisi kitu. Nikasema labda ameshatusahau." Alijifuta uso kwa kofia. "Kumbe alikuja hapa. Alikuja kukutafuta wewe."

"Nilimsikia. Nyuma yangu. Nikaendelea."

"Basi afunguliwe— tumfungulie."

"Will. Tukimfungulia atakwenda."

Addy aliona kwamba Wilberth naye anafikiria jambo lilelile, na hilo lilimtisha kuliko kulabu. Ndipo Wilberth aliponyoosha mkono kumgusa, akaurudisha.

"Unawaka," alisema. "Una homa. Mtoto amecheza saa ngapi mara ya mwisho?"

Addy alifungua mdomo kujibu, kwa kuwa sikuzote alijua jibu la swali kama hilo. Hakulijua. Hakuwa amehesabu. Hakuwa amemkumbuka kabisa.

*

Mzee Teódulo alirudi jioni ileile. Hakumkaripia. Alisikiliza, akauliza mlango ulikuwa na upana gani, akavua kofia.

"Huyu si jini la kufukuza," alisema. "Ni mgeni mliyemfungia. Kila mtoto huondoka kwa mlango alioingilia, na yeye mlango wake hauoni."

"Anamchukua mwenzake?" Addy aliuliza, mikono juu ya tumbo.

"Hachukui. Anaogopa kwenye giza, anajibana na mdogo wake. Wewe ukiwa mdogo hukufanya hivyo kwa ndugu zako? Ila ana homa, mwalimu. Ndiyo hiyo tu. Ana homa, na kwa kujibana anamwambukiza."

Hakutaka mjeledi wala moshi. Alitaka meza aliyonyimwa mtoto. Mama Nelly alikuja na chokoleti, mikate midogo, machenza, na pibi, mkate wa mahindi wenye kuku ndani, uliookwa shimoni kwa haraka na bado una mvuke. Aliambiwa kila kitu mlangoni. Alipanga machenza, akayapanga upya.

"Ungeniambia, binti yangu," alisema mwishoni. "Ningeileta meza huku. Ningekaa na wewe hapo chini ukibeba mawe yako."

Wilberth alifunga koki kuu, akakata bomba juu na chini. Kisha mzee akampa Addy tindo na nyundo. "Mkono uliofunga ndio unaofungua. Sisi tutasomba mawe. Na usimtaje jina. Ukimtaja atageuka, na hatapata nguvu ya kugeuka mara ya pili."

Addy alipiga. Lipu ilianguka kwa vipande vikubwa. Aliufuata ukuta wake mwenyewe kwa mpangilio, jiwe kwa jiwe, kutoka la mwisho, na kila alipopiga, kulabu nyuma yake zililia haraka zaidi, ngii ngaa ngii ngaa, kama mtu anayejisukuma ili aruke chini. Mtoto tumboni alikuwa kama jiwe jingine. Wilberth alipokea mawe, akayapanga pembeni. Saa moja baadaye nyundo ilipita upande wa pili, na hewa ya uani, baridi, yenye harufu ya majani ya mpera, ikaingia chumbani. Kulabu zikanyamaza.

Walitoa mawe mpaka kizingiti. Fremu ilikuwa imebaki humo, alama zote za penseli mahali pake. Mama Nelly alikuwa amewasha mishumaa ya rangi kutoka mlangoni mpaka kisimani.

"Mwambie," mzee alisema.

Addy alikuwa na majina yote mdomoni: jina lake, jina la kumtania, jina la alipokuwa mchanga. Aliyauma yote.

"Chokoleti imepoa, unaweza kunywa," alisema. "Kisha nenda. Mlango upo wazi. Wasalimie bata. Mama alikosea, mama hakutaka kukufungia. Nenda, mwanangu, usiogope. Hakuna mtu atakayefunga tena."

Waliona mwali wa mshumaa wa kwanza ukilala, kama mtu amepita karibu. Kisha wa pili. Kwenye wa tatu palikuwa na kituo kirefu, na Addy akajua kwamba amesimama na kutazama nyuma, anangoja aitwe. Mama Nelly alimshika Addy mkono mmoja na Wilberth mwingine, wakamkamata kwa nguvu, kama watu wanaomshika mzazi pembeni mwa kaburi. Hakuita. Mshumaa wa nne ukalala, na wa tano, mpaka kisimani.

Kutoka kwenye bomba lililokatwa yalidondoka maji kidogo juu ya vigae. Wilberth aliyagusa.

"Ya baridi," alisema, akaanza kulia.

Mtoto akarusha teke. Addy alitamani kufurahi, na akafurahi, lakini ilimjia kwa kuchelewa, kama habari iliyopitia kwa watu wengi.

*

Bomba la tangi sasa linazunguka nje ya ukuta, refu, lenye kona tatu, na mtu yeyote anayejua kazi atasema limechorwa vibaya. Mlango mdogo upo. Mtoto alizaliwa Februari, wa kiume, akaitwa Ermilo, na chumba cha nyuma ni chake. Kwa miezi yote hiyo Addy aliamka saa kumi na moja alfajiri, akafungua koki, akapima. Ishirini na mbili. Ishirini na nne. Ishirini na tatu nukta tano. Yalikuwa maji tu.

Oktoba thelathini na moja hakushika mwiko wala sindano. Meza aliiweka ndani ya chumba cha nyuma, akakaa mbele yake mchana kutwa, chokoleti ikapoa mbele ya macho yake. Ermilo alifungwa uzi mwekundu mkononi, kama wafungwavyo watoto siku hizo, ili ndugu wasiondoke naye. Adhuhuri alikuwa kwenye bembea yake. Alikuwa anaangalia kulabu, na alikuwa anacheka, na bembea ilikuwa inakwenda, ingawa miguu yake ilikuwa bado haifiki ukutani na hakuna aliyekuwa anaisukuma.

Addy hakuinuka. Aliikunja mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

Alfajiri iliyofuata alifungua koki ya jikoni, na maji yakatoka ya vuguvugu. Alikaa nayo kidogo mkononi. Kisha akaleta kipimajoto, na kilipolia mara tatu alikisogeza kwenye mwanga wa mshumaa, kwa kuwa hakuyaamini macho yake.

Thelathini na sita nukta nane.

Alilifungua daftari kwa mbele, kwenye kurasa za wino wa bluu, na chini ya mstari wa mwisho akaandika saa na joto la mwili. Kisha akaenda chumba cha nyuma akinyata, akauegemeza mlango mdogo kwa jiwe, upepo usije ukaufunga.